Kanuni inayomlinda mkopaji: nani aliiweka, na nani anaweza kuifuta

Kuna swali linarudi kila mara kwenye kikundi chetu cha kukopeshana hapa Arusha, hasa Januari watu wakiwa wamebanwa na ada: si serikali ilishakataza kausha damu, yaani wale wakopeshaji wa riba kubwa wa marejesho ya kila siku, mbona bado wapo? Na kila mtu ana jibu lake, mmoja atakwambia walikataza kwenye taarifa ya habari, mwingine anasema ni sheria ilipita bungeni, mwingine anasema Benki Kuu ndo ilitoa tangazo, na ukweli kila mmoja kashika kipande. Ila hivyo vipande havina nguvu sawa, na mtu asipojua kipi ni kipi anaenda kudai haki yake akiwa ameshika kipande kilicho chepesi kuliko vyote.

Twende taratibu. Sheria inatungwa na Bunge, Rais anasaini, na ukitaka kuibadilisha lazima urudi bungeni. Kanuni inatungwa na waziri au taasisi ambayo sheria imeipa hayo mamlaka, inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na aliyeitunga anaweza kuibadilisha mwenyewe bila kusubiri wabunge wakae. Chini ya hapo kuna miongozo na nyaraka, ambayo ni maelekezo kwa wale wanaosimamiwa. Halafu kuna tamko la kiongozi kwenye mkutano wa hadhara, hilo tunalipigia makofi kweli lakini ukiwa mbele ya hakimu utaulizwa limeandikwa wapi.

Sasa karibu kila kitu kinachomlinda mtu wa kawaida kwenye mambo ya mikopo na benki, riba isizidi ngapi, makato yaandikwe wapi, mdai afanye nini na asifanye nini, kipo kwenye ngazi ya kanuni na miongozo. Na hii siyo Tanzania peke yake. Nchi iliyoonyesha waziwazi hatari yake miaka ya karibuni ni Marekani, na mi naona tukiielewa ile ya kwao ya kwetu inakuwa nyepesi kuielewa, kwa hiyo vumilia nizunguke kidogo.

Baada ya ule mtikisiko wa fedha wa 2008, Wamarekani waligundua kwamba watu wengi walipoteza nyumba zao kwa sababu ya mikopo ambayo marejesho yake yalianza madogo halafu baada ya miaka michache yakapaa, na hakukuwa na ofisi hata moja ambayo kazi yake kuu ilikuwa kumwangalia mkopaji. Kulikuwa na wasimamizi wengi, ila wengi wao walikuwa wanaangalia benki iko salama au la. Bunge lao, yaani Congress, lenye mabaraza mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi, likapitisha sheria inaitwa Dodd-Frank, Rais Obama akaisaini Julai 21, 2010, na ndani yake ikazaliwa ofisi ya kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha inayojulikana kwa kifupi CFPB, ikafungua milango Julai 2011. Wazo lenyewe lilisukumwa sana na Elizabeth Warren, ambaye enzi hizo alikuwa profesa wa sheria pale Harvard na sasa ni seneta. Hiyo ofisi ikapewa meno: kuandika kanuni, kukagua, kushtaki, na kupokea malalamiko ya wananchi. Mwaka 2016 iliipiga benki ya Wells Fargo faini ya dola milioni 100 baada ya kubainika kwamba wafanyakazi wake, wakikimbizana na malengo ya mauzo, walikuwa wanawafungulia wateja akaunti ambazo wateja wenyewe hawana habari nazo. Kwa hesabu za hiyo ofisi yenyewe, wananchi wamerudishiwa au kufutiwa zaidi ya dola bilioni 20 tangu ianze.

Hapo kila kitu kinaonekana kiko sawa. Sasa angalia kilichotokea kwenye kanuni moja tu, ya makato ya kutumia zaidi ya salio.

Mtumiaji wa M-Pesa anaijua Songesha, unalipia kitu salio halitoshi, inakujazia halafu unalipa na makato yake. Benki za Marekani zina kitu cha namna hiyo miaka mingi, unapitisha kadi dukani, hela imepungua kidogo, benki inalipia, halafu inakukata. Makato yaliyozoeleka kwenye benki kubwa yalikuwa kama dola 35 kwa kila tukio, na unaweza ukakatwa hizo 35 kwa sababu umepungukiwa dola 4. Wanaokatwa sana ni walewale wasio na kitu, maana mwenye salio nono haimkuti. Desemba 2024 CFPB ikatoa kanuni kwamba benki zenye mali zaidi ya dola bilioni 10 zichague: ama zikate dola 5, ama zikate kiasi kinachofidia gharama zao halisi tu, ama ziihesabu kama mkopo wa kawaida na ziandike riba wazi mteja aione. Ilikuwa ianze kazi Oktoba 1, 2025, na walikadiria familia zingeokoa kama dola bilioni 5 kwa mwaka.

Haikuanza. Wana sheria yao ya 1996 inayoipa Congress nafasi ya kuifuta kanuni mpya ndani ya siku 60 za vikao, kwa wingi wa kawaida tu wa kura, bila ile kazi ya kutafuta kura 60 ambayo Seneti inaihitaji kwa miswada mingi. Machi 27, 2025 Seneti ikapiga kura 52 kwa 48 kuifuta, Aprili 9 Baraza la Wawakilishi nalo 217 kwa 211, Mei 9 Rais Trump akasaini, ikaisha. Kanuni iliyochukua muda mrefu kuandikwa, na maoni ya wadau yakakusanywa, ikaondoka kabla haijamlinda mtu hata mmoja.

Na kuna kifungu ndani ya hiyo sheria ya 1996 ambacho watu wengi wanakipita haraka, ila mi naona ndo kizito kuliko vyote: kanuni ikishafutwa kwa njia hiyo, ile ofisi hairuhusiwi tena kutoa kanuni nyingine inayofanana nayo mpaka Bunge litunge sheria mpya ya kuiruhusu. Kwa hiyo hata serikali ikibadilika kesho wakaja watu wanaoipenda hiyo kanuni, mlango umefungwa na ufunguo uko bungeni. Jambo kama hilo lilishatokea 2017 kwenye kanuni iliyotaka wateja waruhusiwe kuungana kuishtaki benki kwa pamoja badala ya kila mmoja kusukumwa peke yake kwa msuluhishi, kura zikawa 50 kwa 50 kwenye Seneti na Makamu wa Rais Mike Pence akaingia kuvunja sare.

Upande wa hela za kuendesha ofisi nao una stori yake. Waliotunga Dodd-Frank walijua kwamba ofisi ya aina hii itachukiwa, wakaamua hela zake zitoke Benki Kuu yao moja kwa moja zisipitie kwenye bajeti ya kila mwaka. Chama cha wakopeshaji kikaenda mahakamani kusema huo utaratibu unavunja katiba, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na Mei 2024 majaji 7 kwa 2 wakasema uko sawa, na aliyeandika hukumu ni Jaji Clarence Thomas ambaye hakuna anayemuita mpenzi wa kanuni za serikali. Watetezi wakashangilia. Mwaka uliofuata, Julai 2025, sheria kubwa ya bajeti ikashusha ukomo wa hizo hela kutoka asilimia 12 ya gharama za uendeshaji za hiyo Benki Kuu mpaka 6.5. Pendekezo la kwanza lilikuwa sifuri kabisa, na kilicholizuia ni wapinzani kupinga kwa hoja ya utaratibu, wakasema njia ya bajeti hairuhusu kufanya hivyo, mshauri wa kanuni za Seneti akakubaliana nao. Yaani ofisi ya kulinda watu milioni mia tatu na ushee ilibakiziwa nusu ya bajeti kwa sababu kuna watu walisoma vizuri kanuni za kikao. Mi hilo linanifundisha kwamba kazi ya kulinda kanuni ni ya watu wavumilivu wanaosoma vitu vinavyochosha.

Sasa wanaotetea wakaona wapi pa kujificha? Kwenye sheria yenyewe, na kwenye majimbo.

Mwaka 2006 Congress ilipitisha sheria ya mikopo kwa wanajeshi, kwamba askari na familia yake hakopeshwi kwa zaidi ya asilimia 36 kwa mwaka, makato karibu yote yakihesabiwa humohumo. Namba imeandikwa ndani ya sheria. Imepita kwa marais tofauti na mpaka leo ipo, maana kuitoa lazima mbunge asimame hadharani aseme anataka askari akopeshwe kwa riba kubwa zaidi. Miswada ya kuutanua huo ukomo uwaguse raia wote imeletwa zaidi ya mara moja na haijapita. Ila majimbo hayakusubiri. Colorado 2018 na Nebraska 2020 wananchi wenyewe walipiga kura kwenye sanduku wakaweka asilimia 36 kwa mikopo ya muda mfupi, Illinois wakaweka kwa sheria ya jimbo 2021, California 2020 ikatunga sheria ya kuipa nguvu ofisi yake yenyewe ya ulinzi wa mteja. Na Dodd-Frank ilikuwa imeacha nafasi kwa wanasheria wakuu wa majimbo kuisimamia, kwa hiyo ofisi ya juu ikilala wa chini wanaweza kuendelea na kazi.

Hiyo asilimia 36 kwa mwaka ishike kichwani, ni asilimia 3 kwa mwezi, tutaihitaji sasa hivi.

Turudi Arusha. Sisi tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Hiyo ni ya Bunge. Imegawa wakopeshaji madaraja manne: la kwanza ni taasisi zinazopokea amana za watu, la pili ni wanaokopesha bila kupokea amana, humo ndo kuna makampuni ya mikopo, watu binafsi na sasa wa kwenye simu, la tatu ni SACCOS, la nne ni vikundi kama VICOBA vya wanachama 10 mpaka 50. Kabla ya hapo hawa wa daraja la pili walikuwa kama hawana mwenyewe, mtu anapata leseni ya biashara halmashauri anaanza kukopesha. Kanuni zake zikatoka 2019, na mwaka huohuo zikatoka kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Na Benki Kuu ikaweka ukomo wa riba kwa daraja la pili, asilimia 3.5 kwa mwezi.

Hesabu inayofuata ndo inatofautisha mkopo na kausha damu, kwa hiyo isome polepole. Chukua mama anauza nyanya soko la Kilombero, anataka mtaji wa laki tatu. Anaambiwa marejesho ni elfu 13 kila siku kwa siku 30. Kabla hajapewa anakatwa elfu 10 ya fomu na elfu 10 nyingine inaitwa bima, ambayo haoni hata karatasi yake. Anaondoka na laki mbili na themanini. Akimaliza mwezi kalipa laki tatu na tisini. Tofauti ni laki moja na elfu kumi. Kwa ukomo wa asilimia 3.5, riba ya laki tatu kwa mwezi mzima ni elfu kumi na mia tano. Umeona hiyo gepu? Na bado haijaisha, kwa sababu yule mama hakai na hiyo hela mwezi mzima, anairudisha kidogokidogo kila jioni, ikifika katikati ya mwezi mkononi mwake kuna kama nusu tu ya mkopo ila riba imehesabiwa kama vile anayo yote. Kwa hiyo wakimwambia riba ni asilimia 30, ukiifanyia hesabu ya kweli pamoja na makato ya mwanzo ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Akichelewa siku moja kuna faini, akichelewa siku tatu wanakuja kubeba jiko la gesi na televisheni, na mdhamini wake anaanza kukimbia simu.

Ukiulinganisha na Marekani, 3.5 kwa mwezi ni 42 kwa mwaka, juu kidogo ya ile 36 ya wanajeshi wao. Na ile mikopo yao ya kusubiria mshahara, dola 15 kwa kila dola 100 kwa wiki mbili, inafika karibu asilimia 400 kwa mwaka, kwa hiyo usidhani kausha damu ni ugonjwa wa mitaa yetu ya Ngarenaro na Unga Limited tu.

Wa kwenye simu wakaja na mtindo wao, unapakua aplikesheni, inaomba ruhusa ya kuona majina yote ya kwenye simu yako, ukichelewa wanawatumia meseji mama mkwe, bosi na mchungaji kwamba wewe ni tapeli. Agosti 2024 Benki Kuu ikatoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, kwamba lazima wawe na leseni, masharti yawe wazi, na wasiguse majina, meseji na picha za mkopaji, na Novemba mwaka huohuo ikataja aplikesheni 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Hapa sasa ndo kujua ngazi kunakusaidia. Mwongozo unamhusu sana yule mwenye leseni anayeogopa kunyang'anywa. Ila kutawanya taarifa zako kuna sheria ya Bunge kabisa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Kwa hiyo aliyeaibishwa kwa meseji ana milango miwili, Benki Kuu na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na huo wa pili umejengwa kwenye sheria, haufutiki kwa waraka.

Kwa nini nasema tujali ngazi wakati kanuni zetu bado zipo na hakuna anayezifuta? Kwa sababu tulishaona nyumbani faida ya kupandisha kitu. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa miaka mingi ilikuwa agizo tu, halmashauri inatoa ikijisikia na ikikosa hela inaruka. Mwaka 2018 Bunge likaiingiza kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, mgao 4, 4 na 2, bila riba. Ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na hela kutorudi, watu wakakata tamaa, ila sheria haikufutwa, na 2024 mikopo ikarudi ikiwa na utaratibu mpya. Mi nina imani kabisa kwamba ingekuwa bado agizo isingerudi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wabunge wetu wa huku Arusha, na wa Moshi pia maana hawa wakopeshaji wana matawi kote, ni hili: ukomo wa riba na katazo la makato yasiyoandikwa kwenye mkataba viingizwe ndani ya Sheria ya 2018 yenyewe. Kuna watu wanapinga kuweka namba kwenye sheria, wanasema hali ya uchumi inabadilika na Benki Kuu inahitaji nafasi ya kupanga, na hoja yao ina uzito, ukomo ukiwa chini sana wakopeshaji halali wanafunga na watu wanaangukia kwa wasio na jina kabisa. Lakini inawezekana sheria ikaweka dari, na Benki Kuu ikaendelea kupanga chini ya hiyo dari. Na Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo ambayo kazi yake ni kuzipitia kanuni zinazotungwa na mawaziri na taasisi, hao ndo wa kuwaandikia siku ukisikia kanuni inalegezwa, wala usisubiri kampeni.

Kwa leo, aliye na mkopo au anayetaka kuchukua: ulizia leseni ya Benki Kuu, siyo leseni ya biashara, na orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti yao. Mhuri wa serikali ya mtaa kwenye barua yako ya udhamini unathibitisha unakaa wapi tu, haumpi mkopeshaji uhalali wowote. Dai nakala ya mkataba kabla hujapokea hela, na mwambie afisa mikopo aandike kila anachokata pamoja na jina lake, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika. Mambo yakienda vibaya anza kwa kumwandikia mkopeshaji mwenyewe, asipokujibu au akijibu ovyo ndo uende Benki Kuu, tawi lipo hapahapa mjini, wana utaratibu wa kupokea malalamiko ya wateja. Nenda na mkataba, meseji za marejesho usizifute, na ile barua ya kwanza uitoe nakala mbili, moja wabaki nayo wao na nyingine wakugongee mhuri wa kupokea na tarehe.